Plagini Iliyouzwa kwa Dola 15,000

Mwezi wa Mei 2017 kampuni moja ya Marekani iliuza kitu ambacho siku zote ilikuwa ikikigawa bure. Kiliitwa Display Widgets, plagini (kipande cha programu cha kuongezea) ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, nayo ilikuwa na kazi moja ndogo: kumruhusu mwenye tovuti achague kisanduku kipi cha pembeni kionekane kwenye ukurasa upi. Unataka ratiba ya mitihani ionekane kwenye ukurasa wa wanafunzi na isionekane kwenye ukurasa wa historia ya shule? Unaweka alama ya vema, kazi imekwisha. Tovuti zipatazo 200,000 zilikuwa zikiitumia. Mnunuzi akajitokeza, wakapatana dola 15,000.

Bei hiyo inashangaza kidogo. Msimbo wa plagini ulikuwa wazi. Yeyote angeweza kuupakua, kuunakili, hata kuubadili jina akautoa kama wake, bila kulipa senti. Basi mnunuzi alilipia nini? Alilipia njia. Mwenye kumiliki jina la Display Widgets kwenye ghala la plagini la WordPress aliweza kuandika apendalo, akaliita sasisho, na wenye tovuti wakalipokea kwa mikono yao wenyewe, wakibofya kitufe kwa moyo mweupe.

Tarehe 21 Juni toleo la kwanza la mwenye mali mpya likatoka, 2.6.0. Siku ya pili yake mshauri mmoja wa Uingereza, mtu aliyezoea kupekua msimbo kabla ya kuuamini, akawaandikia wasimamizi wa ghala kwamba plagini hiyo inavuta megabaiti kama 38 za vitu kutoka seva ya nje. Kanuni za ghala zinakataza jambo hilo. Plagini ikaondolewa tarehe 23. Juni haijaisha, ikarudi na toleo 2.6.1, safari hii ikiwa na faili jipya, geolocation.php. Jina la faili ni la heshima kabisa, utadhani kazi yake ni kutambua mgeni anatoka nchi gani. Ndani yake mlikuwa na mlango wa nyuma: mtu aliye mbali aliweza kuchapisha makala kwenye tovuti yako bila kuwa na nywila yako. Ikaondolewa tena. Ikarudi Julai. Ikaondolewa. Ikarudi Septemba, na tarehe 8 mwezi huo ikaondolewa kwa mara ya nne, ikawa basi.

Kuna jambo moja dogo katika msimbo ule linaloonyesha akili ya mwandishi wake. Kabla ya kuonyesha makala za wizi, plagini iliangalia kwanza kama anayetazama ameingia kwa jina na nywila. Kama ameingia, ilizificha. Kwa hiyo mwenye tovuti, ambaye karibu kila siku hufungua tovuti yake akiwa tayari ameingia kama msimamizi, aliiona safi, kama alivyoiacha jana. Mgeni wa kawaida na mashine za Google ndio walioona matangazo ya watu wasiojulikana. Unaweza kupigiwa simu na mtu wa Kalemie akakuambia tovuti yenu imeingiliwa, ukafungua ukatazama, ukamjibu kwamba anaota.

Na muda wote huo, kila plagini ilipoondolewa ghalani, wenye tovuti hawakuambiwa kitu. WordPress haipeleki ujumbe kwenye dashibodi kusema kwamba plagini uliyonayo imefungiwa. Inakaa kimya. Ukimya huo mtu huusoma vibaya: hakuna sasisho jipya, kwa hiyo mambo ni shwari.

Mwaka huohuo, Desemba, hadithi ikajirudia kwa plagini nyingine iitwayo Captcha, iliyokuwa kwenye tovuti 300,000. Nayo ilikuwa imebadilisha mikono miezi michache kabla. Msimbo mpya ulimfungulia mgeni akaunti namba 1 ya tovuti, ambayo kwa kawaida ni ya yule msimamizi wa kwanza kabisa. Plagini iliyowekwa ili kuzuia roboti zisiingie ndiyo iliyomwingiza mtu.

Nimeanzia huko mbali kwa sababu Kongolo, kama miji yote ya jimbo letu la Tanganyika nchini Kongo, sasa ina vijana wanaotengenezea watu tovuti: parokia, shule, kituo cha redio, ushirika wa wanunuzi wa mahindi na mawese wanaosafirisha kwa reli kwenda Kabalo au Kindu. Karibu wote wanatumia WordPress, wachache Joomla, ile ambayo jina lake lilichukuliwa kwenye neno letu "jumla" mwaka 2005. Hawana kosa katika hilo. WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, ni ya bure, na ghala lake lina plagini zaidi ya 50,000, nyingi za bure pia. Tatizo linaanzia kwenye wingi huo. Kijana anapokabidhiwa kazi, swali lake la kwanza ni "niweke plagini gani?", na kila video ya mafunzo inamjibu kwa orodha ya plagini kumi au ishirini ambazo "lazima" awe nazo. Zote zinaelezwa kwa kazi zinazofanya. Hakuna anayemwambia ni za nani.

Plagini haifungiwi chumbani. WordPress ilizifungulia njia mwaka 2004, katika toleo 1.2, na tangu mwanzo kila plagini huingia na mamlaka yote. Inasoma makala, inasoma orodha ya watumiaji, inasoma hata faili la wp-config.php ambamo nywila ya hifadhidata imeandikwa waziwazi. Plagini ya kubadilisha rangi ya kitufe ina uwezo uleule wa plagini ya ulinzi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wa kwetu amepewa funguo za vyumba vyote siku ya kwanza, na katika tovuti nyingi anakaa miaka bila jembe mkononi, kwa sababu aliyemkaribisha amekwisha kusahau alikuja kufanya nini.

Tuseme shule ya sekondari ya Kongolo inataka tovuti. Prefe, yaani mkuu wa shule, amesafiri Lubumbashi, ameona tovuti ya shule moja ya huko, na picha zilikuwa zikipita zenyewe juu ya ukurasa. Amerudi anamwita kijana wa kompyuta ofisini.

"Nataka na yetu itembee hivyo. Kwanza daraja la Lualaba, kisha madarasa, kisha watoto na bendera."

"Itatembea, Papa Prefe. Lakini nani atalipa?"

"Si ulisema plagini ni ya bure?"

"Plagini ni ya bure, Papa. Mega ndizo haziko za bure. Wazazi wako Kabalo, wako Nyunzu, wanafungua kwa simu. Picha tano za kamera kama zilivyo, kila moja mega nne. Mzazi atakula mega 20 kabla hajaona tarehe ya kuingia darasani."

Kijana huyo amejibu vizuri, na ninatamani wote wangejibu hivyo. Picha moja iliyopunguzwa mpaka kilobaiti 150 kabla ya kupandishwa, ikakaa bila kutembea, inatosha kumwonyesha mtu kwamba amefika kwenye tovuti ya shule ya Kongolo. Lakini kwenye suala la picha zinazotembea kuna kisa kizito kuliko mega.

Aprili 2016 dunia ilisoma Nyaraka za Panama: nyaraka milioni 11.5 za kampuni ya mawakili ya Mossack Fonseca, uzito wake terabaiti 2.6, zikiwa na siri za matajiri na wakubwa wa nchi nyingi, hata za Afrika. Wataalamu wa Wordfence, kampuni ya ulinzi wa tovuti za WordPress, walikwenda kutazama tovuti ya mawakili hao. Walikuta inatumia plagini ya picha zinazotembea iitwayo Revolution Slider, toleo 2.1.7. Matoleo yote mpaka 3.0.95 yalikuwa na tundu lililojulikana hadharani tangu 2014, na Desemba mwaka huo wadukuzi walikuwa wamekwisha kulitumia kuvamia tovuti zaidi ya 100,000. Walikuta pia plagini ya kutuma barua, ambayo huhifadhi nywila ya seva ya barua ndani ya hifadhidata bila kuificha. Ukiingia kwa plagini ya kwanza, unaikuta nywila kwa ya pili, unakwenda kusoma barua za wateja. Wordfence waliitoa kama dhana yao ya namna siri zilivyoweza kutoka, na dhana si hukumu. Ila matundu yenyewe yalikuwepo, na kila mwenye macho aliyaona.

Linalonisumbua zaidi katika kisa hicho ni namna Revolution Slider ilivyokuwa ikifika kwa watu. Wengi hawakuichagua. Walinunua mandhari ya tovuti, yaani sura yake, na plagini ikaja imefichwa ndani ya mandhari. Haikuonekana ikiomba sasisho kama plagini nyingine. Kwa vijana wetu hali ni mbaya kuliko hiyo, kwa sababu mandhari ya kulipia ya dola 60 hawainunui. Wanaipata "bure" kwenye WhatsApp, faili la zipu lililotoka kwa rafiki aliyelipata kwa rafiki. Mtu aliyeipasua mandhari hiyo na kuondoa kufuli la malipo ametumia saa zake za usiku. Hakuzitumia kwa kuipenda Kongolo. Kama huna dola 60, chukua mandhari ya bure kutoka ghala rasmi. Ni nyingi na ni nyepesi, nyingine nzuri kuliko hizo za kulipia.

Baada ya kusikia habari za Display Widgets mtu anaweza kusema: basi nisisasishe kamwe. Waliobaki na toleo la zamani walisalimika, waliosasisha ndio walioumia. Ni kweli kwa kisa hicho. Sasa sikia cha Septemba 2020. Plagini iitwayo File Manager ilikuwa kwenye tovuti 700,000. Kazi yake ni kukuruhusu upange mafaili ya seva ukiwa ndani ya dashibodi ya WordPress. Ndani yake mlikuwa na maktaba ya msimbo iitwayo elFinder, iliyokuja na faili la mfano lenye mkia wa php-dist. Mkia huo uliwekwa makusudi ili faili lisiweze kuendeshwa na seva. Mtengenezaji wa plagini alikuwa ameubadilisha ukawa php tu. Kwa badiliko hilo dogo, mtu yeyote duniani, bila nywila, aliweza kupandisha faili lake kwenye seva yako na kuliendesha. Tarehe 1 Septemba toleo 6.9 likatoka kuziba tundu. Wadukuzi walikuwa wamekwisha kuingia kazini. Safari hii aliyechelewa kusasisha ndiye aliyeumia.

Visa viwili, amri mbili zinazopingana. Mimi nasimama upande wa kusasisha, tena kwa haraka, kwa kuwa plagini zilizouzwa kwa wahuni ni chache, na plagini zenye matundu ya bahati mbaya ni nyingi mno. Lakini File Manager inanifundisha kitu kilicho kabla ya kusasisha. Kampuni nyingi zinazokodisha seva tayari zinampa mteja ukurasa wa kupanga mafaili yake. Kati ya wenye tovuti hizo 700,000, wengi walikuwa na kazi hiyohiyo inafanyika pengine, wakaongeza plagini kwa sababu tu ilionekana rahisi kuifikia. Plagini usiyoiweka haihitaji sasisho. Na ukiona huitumii, usiishie kuizima, ifute. Plagini iliyozimwa inaacha mafaili yake kwenye seva, na faili kama lile la elFinder halingojei plagini iwashwe ndipo liitike.

Kuna mambo kadhaa ambayo zamani yalihitaji plagini na leo WordPress inayafanya yenyewe. Picha kubwa sana hupunguzwa zinapopandishwa tangu toleo 5.3 la Novemba 2019. Picha zilizo chini ya ukurasa husubiri msomaji ashuke ndipo zipakuliwe, tangu 5.5 la Agosti 2020, na toleo hilo likaleta pia ramani ya tovuti kwa ajili ya Google. Ukifungua video ya mafunzo ya 2018 utaambiwa uweke plagini tatu kwa kazi hizo tatu. Video haijazeeka machoni, sauti ni nzuri, kijana anafuata.

Toleo hilohilo la 5.5 lilileta kitu ambacho kwa Kongolo kina thamani ya pekee: ruhusa ya plagini kujisasisha zenyewe, unaiwasha kwa mbofyo mmoja. Watu wanaogopa kwamba itakula mega zao. Haizili. Seva yako haiko Kongolo. Iko Ulaya au Marekani, na inavuta sasisho kwa mtandao wake yenyewe, simu yako ikiwa imezimwa mfukoni. Kumbuka siku 20 hivi kati ya 31 Desemba 2018 na Januari 2019, intaneti ilipokatwa nchi nzima baada ya uchaguzi. Tovuti zetu zilizo kwenye seva za nje hazikuzimika. Zilikuwa wazi kwa dunia yote, wadukuzi wakiwemo. Wenyewe ndio tuliofungiwa nje. Tovuti inayongoja mtu aingie ndipo isasishwe ilikaa yatima muda wote huo. Ila kuna hila moja ya kujua. Saa ya ndani ya WordPress huamshwa na wageni: mtu akifungua ukurasa, ndipo WordPress inakagua kama kuna kazi iliyopangwa. Tovuti ya shule ambayo haipati mgeni wiki nzima inaweza kukaa bila kujisasisha. Kampuni ya seva ina uwezo wa kuiwekea saa ya kweli, ukiwaomba. Ni mstari mmoja wa amri.

Sasa lugha, ambayo kwetu ni jambo la lazima. Shule inaandika barua kwa Kifaransa na inazungumza na wazazi kwa Kiswahili. WordPress peke yake haijui kuweka makala moja katika lugha mbili, kwa hiyo hapa plagini inahitajika kweli. Miaka ya mwanzo ya 2010 iliyopendwa iliitwa qTranslate. Ilikuwa rahisi kutumia. Iliweka lugha zote ndani ya makala ileile moja, ikizitenganisha kwa alama. Ukifungua hifadhidata uliweza kukuta maneno yamekaa kama hivi: [:fr]Bienvenue[:sw]Karibu. Plagini ilisoma alama hizo, ikamwonyesha kila mtu lugha yake.

Mtengenezaji wake akaacha kuitunza. Mwingine akachukua msimbo akaunda qTranslate-X, watu wakahamia huko, naye baada ya miaka michache akanyamaza. Kikundi kingine kikaunda ya tatu. WordPress ilipokuwa ikibadilika, plagini ya zamani iliharibika, na mwenye tovuti aliyeizima ili aokoe tovuti alikuta kila ukurasa unaonyesha lugha zote pamoja, mstari wa Kifaransa umeshikana na wa Kiswahili. Makala 300 za kurekebisha kwa mkono. Hapa hapakuwa na mwizi wala mdukuzi. Mtu mmoja alikuwa na maisha yake, akachoka, kama kila mtu anavyochoka.

Plagini ya Polylang inapanga kwa namna nyingine: tafsiri ya Kiswahili ni makala kamili, ya Kifaransa ni makala nyingine kamili, na plagini inaziunganisha tu. Siku ukiitoa, unabaki na makala mbili salama. Kwa hiyo ningemshauri kijana wetu, kabla ya kuweka plagini kwenye tovuti ya shule, aiweke kwenye tovuti ya majaribio, aandike kurasa mbili, kisha aitoe. Atazame kinachobaki. Plagini za kupanga kurasa kwa kuburuta vitu, zile zinazopendwa sana, zifanyiwe jaribio hilohilo. Nyingine zinapoondoka zinaacha maandishi yaliyojaa mabano ya mraba ambayo hakuna anayeweza kuyasoma.

Kwa maoni yangu tovuti ya shule ya Kongolo inahitaji plagini tatu, labda nne. Ya lugha. Ya kutengeneza nakala ya akiba na kuipeleka nje ya seva, kwa kuwa nakala inayokaa kwenye seva ileile inaungua nayo. Ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kutengenezwa ili seva isizitengeneze upya kwa kila mgeni; hiyo inapunguza kungoja kwa mtu mwenye mtandao dhaifu, ijapokuwa kampuni nyingine za seva zinaifanya kazi hiyo zenyewe, uliza kwanza. Fomu ya mawasiliano sioni inamsaidia nani. Mzazi wa Kongolo hajazi fomu. Anapiga simu, au anatuma sauti WhatsApp. Andika namba kwa herufi kubwa juu ya ukurasa na umemhudumia.

Katika kuchagua hizo tatu, ukurasa wa plagini ghalani unasema mengi kwa anayejua kuusoma. Idadi ya tovuti zinazoitumia ndiyo inayovuta macho, na ndiyo isiyosaidia sana: Display Widgets ilikuwa na 200,000. Mimi huangalia tarehe ya sasisho la mwisho, na onyo linalotokea juu ya ukurasa kama plagini haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni. Kisha naingia kwenye maswali ya watumiaji nione kama mwenyewe anajibu na anajibu kwa lugha gani, ya mtu anayeijua kazi yake au ya mtu anayeuza. Kisha historia ya mabadiliko. Jina la mmiliki likibadilika, na toleo la kwanza baada ya hapo likaanza kuzungumza na seva za nje, hapo usingoje mtu akuthibitishie. Na inafaa kujua plagini inalipwa na nani. Kampuni yenye toleo la kulipia lenye wateja wake ina sababu ya kuamka kesho. Mtu mmoja anayeitunza kwa hisani, hata awe mwaminifu kiasi gani, siku moja atapokea barua ya mtu mwenye dola 15,000.

Usidhani uzembe wa namna hii ni wa wadogo tu. Mwisho wa 2020 mtafiti mmoja wa usalama wa kampuni ya Sweden alikuwa akikagua seva zinazoongoza majina ya nchi mbalimbali, akaona kwamba moja ya seva za .cd, yaani za Kongo yetu, inaitwa kwa jina scpt-network.com, na jina hilo halikulipiwa. Lilikuwa linakaribia kufutwa. Likifutwa, wa kwanza kulinunua angepata karibu nusu ya maswali yote yanayoulizwa duniani kuhusu tovuti za .cd: za benki, za ofisi za serikali, za barua zao. Akalinunua yeye, kwa bei ya kawaida ya jina, kusudi lisimwangukie mwingine, halafu akawatafuta wahusika wa .cd. Januari 2021 wakahamia scpt-network.net. Hakuna aliyeibiwa. Lakini tazama kilichotokea: hakuna aliyevunja mlango, kitu kilichotegemewa na nchi nzima kiliachwa tu bila mtu wa kukitazama.

Shule ya Kongolo inaweza kujikinga na hali hiyo kwa daftari. Ninasema daftari la karatasi, lile lile la ofisi ya prefe, ukurasa mmoja. Jina la kila plagini, imewekwa tarehe gani, inafanya kazi gani, ni ya nani, nani aliomba iwekwe. Kila mwanzo wa mwaka wa shule, Septemba, prefe na kijana wanaupitia pamoja, na plagini ambayo hakuna anayekumbuka kazi yake inafutwa siku hiyo. Chini ya ukurasa huo iandikwe pia tarehe ya kulipia jina la tovuti na seva.

Na iandikwe anwani ya barua pepe ya msimamizi. Tangu toleo 5.2 la Mei 2019, plagini ikiharibika kiasi cha kuangusha tovuti, WordPress hutuma barua yenye kiungo maalumu cha kuingilia ili uizime. Barua hiyo huenda kwenye anwani moja tu, ile iliyoandikwa kwenye mipangilio siku tovuti ilipofunguliwa. Mara nyingi ni anwani ya kijana mwenyewe. Kijana atapata kazi Lubumbashi au Kalemie, hiyo ni haki yake. Anwani iwe ya shule, na nywila yake ijulikane na watu wawili.